Mvunguni mwa Hamamu ya Carthage

Wako watu wawili wanaowapotosha vijana wetu kila inapotajwa habari ya magofu ya kale, na ingawa watu hao hawapatani hata kwa salamu, kazi yao ni moja. Wa kwanza ni yule anayesujudu. Akionyeshwa ukuta uliojengwa na Warumi, huvua kofia, hupunguza sauti, na kusema: Hapa ndipo ulipozaliwa ustaarabu. Wa pili ni yule anayetema mate. Akionyeshwa ukuta huohuo, hugeuza uso na kusema: Hayo ni mambo ya wakoloni wa kale, hayatuhusu hata chembe. Sisi twasema kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja. Wote wawili wameutazama ukuta wakamwona mfalme peke yake, wala hawakumwona mtu mwingine yeyote.

Jambo hili si la kupuuzwa, maana limeingia darasani. Mwanafunzi anayefundishwa kusujudu mbele ya mawe atakua akiamini kwamba ukubwa wa taifa ni ukubwa wa majengo ya watawala wake. Mwanafunzi anayefundishwa kutema mate atakua akiamini kwamba jasho la Mwafrika, likishadondoka katika kazi ya bwana mgeni, si jasho la Mwafrika tena. Mafunzo yote mawili ni sumu, na sumu haipungui ukali kwa kutiwa katika bakuli la elimu.

Natutwae mfano mmoja tuuchambue mpaka mwisho. Katika pwani ya Tunisia, karibu na mji wa Tunis, yapo magofu ya mji wa Carthage, ambayo mwaka 1979 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukingoni mwa bahari, ndani ya magofu hayo, yamo mabaki ya nyumba ya kuogea ya umma iitwayo kwa jina la Kaizari Antoninus Pius. Sisi tutaiita hamamu, kwa kuwa neno hilo limo katika Kiswahili, na maana yake ni hiyo hiyo: nyumba ambamo watu wengi huoga kwa maji ya moto na ya baridi. Hamamu hiyo ilijengwa kati ya mwaka 145 na mwaka 162, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote walizojenga Warumi katika bara la Afrika.

Kabla ya kuisifu nyumba, yafaa kwanza kuuliza kiwanja kilipatikanaje. Carthage haukuwa mji wa Warumi. Ulianzishwa na Wafoinike, mabaharia waliotoka pwani ya nchi iitwayo leo Lebanon, wakachanganyika na wenyeji wa Afrika ya Kaskazini, ukawa mji mkuu wa dola ya biashara na merikebu, mji wa jemadari Hannibal. Baada ya vita vitatu, ambavyo pamoja na vipindi vyake vya amani vilichukua zaidi ya miaka mia moja, majeshi ya Roma yaliuteketeza mji huo mwaka 146 K.K. Mwanahistoria wa kale Appian asimulia kwamba watu wapatao 50,000, waume kwa wake, walitoka ngomeni wakiomba waachiwe roho zao. Walionusurika upanga waliuzwa utumwani. Ilipita zaidi ya miaka mia moja ndipo Julius Caesar alipoamua, na Augustus akatimiza, kwamba mji ujengwe upya uwe makao ya Warumi. Basi yeyote asemaye kwamba Roma iliipelekea Carthage ustaarabu ni sawa na mtu anayemsifu jirani aliyeichoma nyumba ya watu, kwa sababu tu baadaye alirudi akaipaka chokaa.

Tukisema hivyo hatuna nia ya kuwanyima mafundi haki yao. Hamamu ya Carthage ilikuwa kazi kubwa, na asiyekiri hivyo hana macho. Pande zake mbili, kushoto na kulia, zilijengwa zikilingana kama mbawa za ndege. Palikuwa na viwanja vya mazoezi ya viungo, kumbi za joto ambamo watu walitokwa na jasho, kumbi za uvuguvugu, na katikati ukumbi mkubwa wa maji baridi, ambao dari yake ilibebwa na nguzo nene za mawe. Nguzo moja katika hizo imesimamishwa upya, nayo ina kimo cha mita 15 hivi. Mbele ya yote hayo ilikuwapo bahari. Mtu alioga, akapigwa na upepo wa Mediterania, akaongea na wenzake mpaka jua likapunga. Hatuoni ubaya wowote katika starehe hiyo. Usafi ni heshima, na maongezi baada ya kuoga ni nusu ya ujirani.

Hata hivyo, tulipoyazuru magofu hayo tuliona jambo lililotushangaza kuliko kimo cha nguzo. Wageni walikuwa wakipita kati ya nguzo fupi nene na vyumba vyenye kiza, wakicheka, kila mmoja akijichagulia mahali: Hapa ndipo ningeketi, hapa ndipo ningeoga, hapa watumishi wangeniletea mafuta. Walijiona wamo ukumbini mwa waheshimiwa. Kumbe hawakuwa humo hata kidogo. Kwa kuwa ardhi ile i karibu mno na bahari, wajenzi hawakuweza kuchimba vyumba vya moto chini ya ardhi kama ilivyokuwa kawaida yao. Walivijenga vyumba hivyo juu ya ardhi, kisha kumbi za kuogea wakaziweka ghorofani. Ghorofa hiyo imeanguka na kuchukuliwa. Kilichobaki ni sehemu ya chini: mahali pa matanuri, pa ghala za kuni, na pa njia za watumishi. Sakafu ya marumaru waliyokuwa wakiitafuta wageni wale ilikuwa juu ya vichwa vyao, hewani, mahali ambapo sasa hupita ndege.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa Carthage mgeni hahitaji hata kuinama, kwa maana kitanda kimeondolewa na mvungu umebaki wazi juani. Waliojenga walikusudia tuione ghorofa, na tusiujue mvungu. Miaka karibu elfu mbili imeupindua mpango wao. Enzi imeanguka, na mahali pa kazi pamesimama. Hata hivyo binadamu amezoea sana kumtafuta bwana hata akawa anamwona mahali ambapo bwana hakupata kukanyaga.

Sasa natueleze yaliyofanyika mvunguni. Ukumbi wa joto wa Warumi haukupashwa moto kwa majiko yaliyowekwa ndani. Sakafu yake iliinuliwa juu ya vijiguzo vingi vya matofali, hata chini yake pakawa na uwazi. Kando ya uwazi huo palikuwa na tanuri. Moto ulipochochewa, hewa ya moto na moshi vilipita chini ya sakafu, vikapanda ndani ya kuta kwa njia ya matofali yenye uwazi, na kutokea juu. Juu ya tanuri yaliwekwa madumu makubwa ya shaba ya kuchemshia maji. Hivyo mwogaji hakuuona moto wala hakuusikia moshi. Aliona joto limekuja tu, kama rehema. Lakini joto halitoki mbinguni. Kuni zilikatwa, zikabebwa, zikapangwa ghalani, zikatiwa motoni usiku na mchana, na majivu yakazolewa. Maadamu watu elfu waliburudika juu, hapana budi wengine waliungua chini.

Watu hao walikuwa akina nani? Kutoka jimbo la Bithynia, lililoko katika Uturuki ya leo, gavana Pliny alimwandikia Kaizari Trajan mwanzoni mwa karne ya 2 akiuliza afanye nini na wafungwa waliokuwa wamehukumiwa zamani. Kaizari alijibu kwamba wale waliohukumiwa zaidi ya miaka kumi nyuma, na waliokwisha zeeka, wapangiwe kazi zinazokaribiana na adhabu: za hamamu, za kuzibua mifereji ya maji machafu, na za kutengeneza barabara. Barua hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Msomaji aipime. Mtawala wa dola nzima, anayehesabiwa na Warumi miongoni mwa watawala wao wema, aliiona kazi ya hamamu kuwa ndugu wa adhabu. Yule aliyeoga hakuona adhabu yoyote. Adhabu ilikuwa chini ya nyayo zake.

Kiko kisa kingine ambacho wanaosujudu hupenda sana kukisimulia, nacho kimo katika habari za maisha ya Kaizari Hadrian. Wasema kwamba Kaizari huyo alikuwa akienda kuoga pamoja na watu wa kawaida. Siku moja akamwona askari mstaafu anajisugua mgongo ukutani. Alipoulizwa, mzee yule alijibu kwamba hana mtumwa wa kumsugua. Kaizari akampa watumwa, na fedha za kuwatunza. Siku nyingine wakaja wazee wengi, wote wakijisugua ukutani ili nao waonwe. Kaizari akawaita, akawaamuru wasuguane wao kwa wao.

Wasimulizi hucheka, wakaishia hapo, wakasema: Tazama hekima ya mfalme. Na sisi twacheka, kwa kuwa mwisho wa kisa una maana nzuri, na migongo inayosuguana ni mwanzo wa udugu. Lakini twauliza: mwanzo wa kisa je? Watumwa wale waliotolewa kama mtu atoavyo taulo, walikuwa na majina? Walikuwa na mama zao? Siku ile waliamka wakiwa mali ya nani, na usiku wakalala wakiwa mali ya nani? Msimulizi wa kale hakuona haja ya kusema. Mwalimu wa leo akikisimulia kisa hicho bila ya kuuliza maswali hayo, amekuwa mwandishi wa Kaizari pasipo mshahara.

Huenda mtu akatujibu kwamba twawaonea Warumi, kwani hamamu zao zilikuwa wazi kwa watu wote, na ada ya kuingia ilikuwa ndogo. Jibu hilo lina ukweli, nasi hatuukimbii ukweli. Mjini Roma ada ya kawaida ilikuwa sarafu ndogo kuliko zote zilizokuwapo. Aidha, katika bamba la shaba lililochimbuliwa mwaka 1876 huko Aljustrel, nchini Ureno, mahali ambapo kwa Warumi palikuwa machimbo ya Vipasca, imeandikwa kanuni ya kuendesha hamamu ya wachimbaji katika karne ya 2. Mkodishaji alitakiwa kuwasha moto kila siku ya mwaka. Maji yajae mpaka alama iliyowekwa. Vyombo vya shaba vioshwe, vikaushwe na kupakwa mafuta mapya kila baada ya siku thelathini. Mkodishaji asiuze kuni alizopewa, isipokuwa matawi yasiyofaa kwa moto. Akishindwa kuiendesha hamamu ipasavyo, msimamizi wa machimbo aliruhusiwa kumtoza faini hadi sestersi 200. Watoto na askari hawakulipa.

Sisi twaiheshimu kanuni hiyo kuliko nguzo zote za marumaru. Ndani yake hamna neno la majivuno. Yamo maneno ya watu wanaojua kwamba huduma ya umma haiendeshwi kwa hotuba ya ufunguzi, bali kwa kuosha, kukausha na kupaka mafuta kila siku thelathini. Hilo nalichukuliwe. Lakini bamba hilo hilo lasema pia kwamba wanawake waoge asubuhi na kulipa asi nzima, na wanaume waoge kuanzia alasiri mpaka usiku na kulipa nusu asi. Mwanamke alilipa maradufu ya mwanamume kwa maji yale yale. Kwa hiyo anayetuambia kwamba hamamu ya Kirumi ilikuwa mlango wa usawa, na asome mpaka mstari wa mwisho. Mlango ulikuwa wazi, ndiyo. Ila kila aliyepita alipewa kipimo chake, na aliyechochea moto aliingilia mlango mwingine.

Turudi Carthage, tuangalie maji. Hamamu bila maji ni ghala. Maji ya Carthage yaliletwa kutoka milima ya Zaghouan, kwa mfereji ambao pamoja na matawi yake una urefu wa kilomita 132 hivi, mmoja wa mifereji mirefu mno katika dola yote ya Kirumi. Mahali pengine ulipita chini ya ardhi, mahali pengine ulipita juu ya matao ya mawe, na matao hayo yangali yakionekana bondeni mwa mto Miliane. Maji yalisafiri kwa mteremko wake mwenyewe, pasipo pampu, na kuhifadhiwa katika matangi makubwa ya La Malga kabla ya kugawiwa mjini. Wageni wengi hupiga picha ya nguzo moja iliyosimama ufukweni, wakaondoka. Ni wachache wanaoufuata mfereji kwenda kuitazama chemchemi. Ingekuwa sisi ndio tunaoamua, ziara ingeanzia chemchemini. Mwanafunzi aliyetembea japo kilomita tano kando ya mfereji ule ataelewa kwamba nguzo si kitu, na kwamba hamamu yote ilining'inia kwenye uzi mmoja wa maji uliotoka mlimani.

Uzi huo ukikatika, yote yamekwisha. Mjini Roma kwenyewe, hamamu kubwa ya Caracalla ilikoma kazi yake mwaka 537, Wagothi waliouzingira mji walipoikata mifereji. Kuta zilikuwa bado zimesimama. Maji ndiyo yaliyotoweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfereji wa kilomita 132 una nyufa nyingi za kuziba. Mwenye ugomvi na mfalme hana haja ya kuuvunja ukumbi. Akimwondoa fundi wa mfereji, ukumbi utajivunja wenyewe. Na ukumbi ukishakuwa gofu, gofu huwa shimo la mawe la kila mwenye shoka. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, ambaye wanafunzi wetu wanamjua kwa habari alizoandika kuhusu Malindi na Mombasa, aliandika pia kwamba marumaru ya Carthage yalichimbuliwa na kupakiwa merikebuni bila ya kikomo. Nguzo za mji huo zimo hata leo katika Msikiti wa Zaytuna mjini Tunis. Hatuwalaumu waliozichukua. Jiwe linalobeba paa la watu wanaosali lina heshima kuliko jiwe linalolala majanini. Vilevile katika karne ya 13 mtawala al-Mustansir, wa nasaba ya Wahafsi, aliufanyia mfereji ule matengenezo ili ulete maji tena, safari hii Tunis. Huo ndio urithi kwa maana yake ya kweli: kukitwaa cha kale na kukitumikisha.

Sasa twamgeukia huyu wa pili, anayetema mate. Yeye asema magofu haya ni ya Roma, na Roma ni Ulaya. Twamwuliza: mawe yalitoka wapi? Kuni je? Maji ya Zaghouan ni ya nani? Nafaka iliyowatajirisha matajiri wa Carthage ililimwa na mkono wa nani? Josephus, mwandishi wa karne ya 1, alisema kwamba Afrika iliwalisha watu wa Roma miezi minane ya mwaka, na Misri minne. Roma haikuilisha Afrika. Afrika ndiyo iliyoilisha Roma. Basi ile hamamu ilipokuwa ikijengwa, haikuwa zawadi. Ilikuwa ni sehemu ndogo ya jasho la Afrika iliyorudi nyumbani imevaa nguo za kigeni.

Tena mpaka kati ya Roma na Afrika haukuwa kama anavyoudhani. Katika mwaka ule ule wa 145 ambao ujenzi wa hamamu ya Carthage ulianza, huko Leptis Magna, katika Libya ya leo, alizaliwa mtoto aliyeitwa Septimius Severus. Mtoto huyo akawa Kaizari wa Roma. Mwanawe, Caracalla, ndiye aliyeifungua mwaka 216 ile hamamu kubwa tuliyoitaja, ambayo kila kitabu cha Ulaya huisifu kama fahari ya Roma. Hatusemi haya ili tubadilishe sanamu, tumwondoe Kaizari wa Ulaya tumweke wa Afrika tumsujudie yeye. La hasha! Kaizari ni Kaizari, na moto wa hamamu ya Mwafrika uliunguza vilevile. Twasema ili mtu asije akaitupa mali yake mwenyewe kwa kudhani ni ya jirani.

Na mali hiyo si mawe tu. Watu wa Afrika ya Kaskazini walizitumia hamamu kwa mambo ambayo wajenzi hawakuyafikiri. Mwaka 392, katika mji wa Hippo, ulioko Algeria ya leo, Augustino, mzaliwa wa Thagaste, alijadiliana na Fortunatus mbele ya watu, na mahali pa mjadala palikuwa hamamu ya Sossius. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500, wa pande mbili zilizokuwa zikigombana juu ya kanisa lipi ni la haki, walikutana Carthage, nao pia katika hamamu, ile ya Gargilius. Tazama basi: nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwili ikawa baraza la hoja. Anayetema mate juu ya magofu hayo anatema mate pia juu ya baraza la Waafrika waliosimama humo kushindana kwa maneno.

Kisha yako mambo yaliyo hai. Desturi ya kuoga pamoja haikufa na Warumi. Waislamu wa mwanzo waliikuta Shamu, wakaichukua, wakaitengeneza kwa kadiri ya dini na adabu zao. Katika jangwa la Yordani ingaliko hamamu ya Qusayr Amra, ya karne ya 8, yenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini kama zile za Kirumi. Kutoka huko ikaenea nchi hata nchi. Leo katika mitaa ya kale ya Tunis, mwendo mfupi kutoka magofu tuliyoyasema, zipo hamamu ambamo wanawake huenda na watoto wao siku zao, na wanaume siku zao, wakasuguana migongo bila ya kuamriwa na Kaizari. Hiyo ndiyo hamamu ya Carthage iliyo hai. Mgeni anayetumia siku nzima magofuni na asipite hata mlangoni mwa hamamu ya mtaani, amemzuru marehemu akampita mwanawe barazani bila salamu.

Ukoo huo umefika hata kwetu. Kidichi, kisiwani Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ilikuwa ya nyumba moja. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga nyingine katikati ya Mji Mkongwe, ikawa ya watu wa mji kwa malipo, na mtaa ukachukua jina lake: Hamamni. Leo zote mbili zimekauka, na watu huingia kutazama. Anayezionyesha hutaja jina la Sultani. Ni vyema. Lakini maswali yetu ya Carthage yanasafiri bila pasi: nani alichota maji, nani aliyechanja kuni, na ni mtu huru au mtumwa? Tukiwauliza Warumi na tukaogopa kuwauliza masultani wetu, tutakuwa hatukutafuta haki. Tutakuwa tumetafuta ugomvi na wageni tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo moja, na wanafunzi jambo hilo hilo. Kila mtakaposimama mbele ya gofu lolote, liwe la Kirumi, la Kiarabu, la Kireno au la mababu zetu wenyewe, msianze kwa kuuliza lilijengwa na mfalme gani. Jina la mfalme limekwisha kuchongwa. Halihitaji msaada wenu. Ulizeni kwanza maji yalitoka wapi. Ulizeni moto uliwashwa na nani. Ulizeni mlangoni alilipa nani, kiasi gani, na nani alikuwa halipi kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mtu. Ulizeni nani alikuwa akiziba nyufa, na siku alipoacha kuziba kulitokea nini. Andikeni majibu katika madaftari yenu kabla ya kuandika idadi ya nguzo.

Mkishayazoea maswali hayo, hamtaweza tena kuyaacha magofuni. Mtarudi nayo shuleni, mkalitazama tangi la maji, jiko la chakula cha wanafunzi na choo cha bweni, na mtajikuta mnauliza nani anavisafisha, anapewa nini, na kama jina lake mnalijua. Taifa linalomjua mtunza tangi wake kwa jina lina utamaduni, hata kama halina nguzo hata moja ya marumaru. Na lisilomjua, hata likijenga ghorofa hadi mawinguni, linawaandalia tu watalii wa kesho mahali pa kupigia picha.